Kubri si Kaburi

Gudele, Juba, siku moja kabla ya basi la Yei

Kiden, mama,

Umeenda kusukwa kwa Mama Nakato, na ninavyomjua yule jirani yetu Mganda, hatakuachilia kabla jua halijashuka. Mikono yake inasuka na mdomo wake unasimulia, na hadithi ikikolea mikono husimama. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimechukua kalamu yako ya bluu bila ruhusa. Nimechomoa pia karatasi za katikati ya daftari lako, pale pini zinaposhika, ili usigundue haraka. Nilisoma mpaka darasa la nne, la tano nililiona kupitia dirisha, lakini somo la kuchomoa karatasi nilifaulu.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha na ya vijana wa Yei wenye pikipiki, shangazi yako amekuhubiria tangu asubuhi na majirani wote wamefaidika. Mimi siyarudii. Ukipata malaria utakunywa dawa. Ukipata kijana wa pikipiki utaniandikia, nicheke kwanza, halafu nikasirike.

Nimechoka, Kiden. Wewe unadhani ni magoti, kwa sababu ndivyo ninavyokuambia kila siku. Si magoti. Ni uchovu wa mtu aliyebeba kitu kidogo kwa muda mrefu. Shika jiwe la saizi ya ngumi, ulibebe kwa miguu mpaka Nimule kule mpakani, halafu uniambie kama bado ni dogo.

Jiwe lenyewe nimelikuta leo ndani ya daftari lako. Nilikuwa naiba karatasi, na mwizi mwenye macho husoma. Ukurasa wa kwanza umeandika kwa herufi zile zako za kusimama wima kama askari: Somo la kwanza, Habari na Uvumi. Chini yake yapo yale maswali matatu mliyofundishwa na watu wa redio: Nani amesema? Amejuaje? Nani mwingine amethibitisha? Na chini ya hayo: Mfano kutoka nyumbani, Kaburi la Gudele. Chanzo cha uvumi: mwanamke muuza chai, aliyetaka watu wahame.

Ikabidi niketi. Kiti kilikuwa mbali, nikakaa kwenye ndoo.

Wewe hukuwepo Gudele wakati ule. Ulikuwa bado bwenini, Kitale, Kenya, kidato cha tatu. Kila unachokijua kuhusu kaburi la Gudele umekipata mezani kwangu, siku ile uliporudi likizo, nilipokusimulia kwa mbwembwe mpaka maharage yakakutoka puani. Juma lijalo utasimama mbele ya watoto wa watu huko Yei, kura inakaribia, simu zinajaa maneno, na wewe utawafundisha kuujua uongo kwa mfano ambao wenyewe ni uongo. Na uongo huo ni wangu.

Sasa unaelewa kwa nini nimekuandikia badala ya kukuambia. Usoni kwako ningeweka mzaha. Najijua.

*

Ngoja nianze mbali kidogo. Mzee akianza karibu anaficha kitu.

Kule Kitale, kabla hujazaliwa, mtaani kwetu sisi wakimbizi mwenye redio nilikuwa mimi. Redio yenyewe ilikuwa ya betri nne, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Jioni watu wanakuja, wanakaa, nami naweka sikio. Taarifa zilikuwa za Kiingereza au za Kiarabu cha Khartoum, na mimi Kiingereza nilikuwa nacho cha gereji, Kiarabu nilikuwa nacho cha kusalimia. Lakini nilikuwa ndiye mfasiri. Redio ikisema sentensi tatu, mimi natoa kumi na mbili. Watu wanasema ah! na mimi ile ah! ilikuwa inaniingia kama chai ya maziwa.

Mama yako alikuwa ananisikiliza kutoka jikoni. Wakishaondoka ananiuliza, "Leo umesikia kwa sikio la nani?"

Namwambia, "La kwangu."

"Basi lina mdomo."

Siku moja redio ilisema mazungumzo yamekaribia kufika mahali fulani. Neno "karibia" halina ladha, nikalitoa. Nikasema wamekubaliana, vita vimekwisha. Watu waliimba. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kajo Keji, kila mtu akimwita Yaya Poni. Kesho yake akagawa kuku wake wote, akagawa kitanda, akafunga vitu vyake kwenye shuka, akaketi juu ya ule mzigo barabarani akingoja lori la kwenda nyumbani. Alikaa siku nne. Mimi nilikuwa napita njia ya nyuma. Siku ya tano mama yako akaenda kumchukua, akamlaza kwetu, kwenye kitanda changu. Mimi nikalala chini miezi miwili, na mama yako hakunisema hata neno moja. Afadhali angenipiga.

Ungedhani hapo nilijifunza. Nilijifunza kupita njia ya nyuma, basi.

*

Amani ilipokuja kweli tukarudi Juba, na hapa nikakuta aibu mpya. Mtu mzima, mwana wa Juba, ndevu nyeupe, sijui Kiarabu cha mtaani kwetu. Watoto sokoni wananicheka. Nikisema kitu wanaulizana, "Huyu Mkenya anataka nini?" Mimi, Mkenya! Baba yangu amezikwa ng'ambo ya mto, na mimi naitwa Mkenya na mtoto anayeuza karanga.

Nikajitungia dawa. Nikawaambia watu: Kiswahili na Kiarabu ni ndugu wa baba mmoja. Samaki wao ni samak. Lakini yao ni lakin. Bahari yetu, wao wanaiita bahr hata ikiwa ni mto tu. Kwa hiyo mimi najua Kiarabu, ila sijakifungua. Wenzangu waliotoka Kenya na Uganda wakapenda hesabu hiyo. Wakaanza kunitegemea. Karatasi ikiletwa, mwite Mzee Wani. Askari akifoka, mwite Mzee Wani asikilize anafoka nini. Ah! ikarudi. Chai ya maziwa tena.

Sasa, Hawa. Wewe humjui ila kwa jina la "muuza chai". Alikuwa na kibanda cha magunia pale chini, kando ya khor, ule mkondo unaojaa maji mvua ikinyesha na kukauka ikikoma. Vikombe vinne, birika mbili, viti vya kamba vifupi mpaka magoti yangu yalikuwa yanagusa masikio. Chai yake alikuwa anatia tangawizi na kitu kingine ambacho hakumwambia mtu. Alitoka Milima ya Nuba, mumewe alikufa vitani, na hapa mtaani hakuwa na ndugu. Kumbuka hilo la ndugu, litarudi.

Asubuhi moja, miaka mitatu iliyopita, nilikuwa nakunywa chai kwake. Likasimama gari jeupe, wakashuka wanaume wawili wenye mavumbi, wana chombo cha miguu mitatu na kamba ndefu. Wakapima kando ya khor. Wakapiga vigingi. Halafu vijana wenye sururu wakaanza kuchimba shimo refu, pana. Mmoja wa wale wawili akaja kunywa chai. Hawa akamuuliza kitu. Akamjibu, na hili ndilo alilosema, nimelibeba kichwani neno kwa neno:

"Kubri kebir. Le nas ta Gudele kulu."

Na akaonyesha kwa mkono. Alinyoosha mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine vikatembea juu yake, tik tik tik, kama mtu anakwenda.

Kebir nilijua, ni kubwa. Le nas ta Gudele, kwa watu wa Gudele. Kulu, wote. Likabaki lile neno la kwanza. Na mimi, profesa wa Kiarabu ambacho hakijafunguliwa, nikalifungua hapo hapo. Kubri. Kaburi. Ndugu wa baba mmoja.

Kaburi kubwa. La watu wa Gudele. Wote.

Na vidole vile? Nikaona watu wanatembea kwenda kuingia.

Kiden, wewe umeshazoea hapa sasa, unacheka. Kila mtu Juba anajua kubri ni daraja. Kulikuwa na kubri moja tu kubwa mjini, ile ya mtoni, na mimi nilikuwa naiita "bridge" kwa Kiingereza changu cha gereji. Ningegeuza shingo nikamuuliza Hawa, "Mama, kubri ni nini?" ingekwisha. Maneno manne. Lakini mtu anayejua Kiarabu hawezi kumuuliza muuza chai maana ya neno la Kiarabu. Nikaweka kikombe chini nikiwa sijamaliza, nikaondoka na uso wa mtu mwenye siri. Najua uso huo, nimeuvaa mara nyingi.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Mama Nakato. Alikuwa anasukuma chapati.

"Mzee, wewe nasikia na masikio yako?" aliniuliza.

"Kwa haya mawili."

"Kaburi ya nani?"

"Ya watu wa Gudele."

"Gudele gani?"

"Mama, Gudele ziko ngapi?"

Akaweka kile kijiti cha kusukumia juu ya meza, taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. "Mungu wangu," akasema, "na mimi iko na unga imekandwa tayari." Alizima jiko. Nilipokuwa nakata kona nikasikia anamwita jirani wa pili.

Usiwacheke watu hao. Mtu aliyewahi kukimbia hahitaji sababu ndefu. Amani ilikuwa changa, kila mmoja alikuwa bado analala na viatu karibu na mlango. Na shimo lilikuwepo kweli, refu, pana, na mchanga mwekundu umerundikwa pembeni. Uvumi wangu ulikuwa na shimo la kuonyesha watu. Hapo ndipo nakuomba usiwaambie watoto kwamba uongo ni kitu kilichotungwa hewani. Mwingi una shimo la kweli katikati.

Mchana ile habari ikanirudia. Mtu wa upande wa juu alinisimamisha akanong'ona kwamba limeletwa lori la chokaa. Sikuwa nimesema chokaa. Jioni mwingine akasema kuna orodha ya majina. Kijana mmoja akanitolea simu, meseji imeandikwa: Gudele wanachimba kaburi, watumie watu kumi. Nikavaa miwani nikasoma. Na unajua nilijiambia nini? Nilijiambia, kumbe na wengine wamesikia! Hata imeandikwa! Mpaka pale nilikuwa na shaka kidogo, nakuapia. Shaka hiyo iliisha nilipoisoma kwenye simu ya mtu. Lilikuwa neno langu mwenyewe limezunguka mtaa, likavaa nguo za watu, likanirudia, nikalikaribisha kama mgeni mwenye habari.

Swali lako la tatu, "nani mwingine amethibitisha?", ni zuri, mama. Lakini litazame vizuri. Siku ile ungeniuliza, ningekutajia watu arobaini, na wote walikuwa mimi.

*

Kesho yake wengine walishapanda malori. Mama Nakato alikwenda mpaka mpakani na watoto wawili na sufuria ya unga uliochacha. Waliobaki, tukiwa na hasira ya watu walioogopa usiku mzima, tukashuka khor. Nasema tukashuka. Nilikuwa katikati, si mbele, si nyuma; mahali pa mtu mwerevu.

Wachimbaji hawakuwa wamefika. Hawa alikuwepo, anawasha makaa. Mtu mmoja akamwuliza kwa Kiswahili, "Wewe mama, wale uliowapa chai jana wanachimba nini hapa?"

Hakuelewa vizuri Kiswahili chetu, lakini alielewa kidole kilichoelekea shimoni. Akatabasamu. Alidhani tumekuja kufurahi. Akasema, "Kubri!"

Tukasikia: kaburi.

Watu wakaguna. Akaona hatujaelewa, akapaza sauti, "Kubri! Kubri kebir!" na akanyoosha mkono wake wa kulia, na vidole viwili vya kushoto vikatembea juu yake, tik tik tik.

Yule mwanamke alikuwa anatupa habari njema, Kiden, kwa furaha, na sisi tukasikia anakiri. Wenyeji wenye Kiarabu chao walikuwa wachache na walikuwa nyuma. Nilisikia sauti ya mama mmoja inapiga kelele huko mbali, lakini kelele zilikuwa nyingi. Mguu wa mtu, sikuuona wa nani, ukapiga jiko. Birika zilikuwa zimechemka zote mbili. Maji yakamwagikia mkono ule ule alioutandika kuwa daraja.

Sauti aliyoitoa haikuwa na lugha. Hiyo tuliielewa sote.

Ndipo yule mama wa nyuma akafika, mtu mzima, mwenyeji, anahema. Akatusukuma kama mbuzi. "Kubri, ya nas! Kubri!" Na kwa Kiswahili cha kuokoteza akasema, "Ile ya kupita maji! Gari napita! Watu napita! Nyinyi wazimu?"

Tukalitazama shimo, halafu ule mkono.

Kisha watu wakatafuta mwenye kosa. Ndivyo ilivyo, aibu haikai bila kiti. Nani ameanza? Mama Nakato hakuwepo, lakini jirani yake alikuwepo, akasema, "Mimi Mama Nakato kaniambia, na yeye kaambiwa na Mzee Wani." Wakanigeukia. Watu wangu wote, wale wa ah!

Wakati huo nilikuwa nimeshajua. Nataka uelewe hivyo. Sikuwa tena mjinga, nilikuwa najua neno kwa neno kilichotokea, ndani ya sikio langu mwenyewe. Na nikasema hivi: "Mimi nimesikia hapa hapa, kwa huyu mama chai."

Ipime sentensi hiyo kwa maswali yako. Ni kweli. Nilisikia pale, kwenye kibanda chake, kikombe chake mkononi. Haina neno hata moja la uongo, na ndiyo uongo mbaya kuliko wote niliowahi kusema, na nimesema mingi, muulize mama yako mkikutana huko mbele ya haki.

Walikubali haraka mno. Mimi nina ukoo, nina kanisa, nina dada mwenye sauti. Yeye alikuwa anaitwa Hawa, ametoka mbali, hana ndugu. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Kufikia jioni maneno yalikuwa yamekamilika: alitaka watu wahame, viwanja vibaki wazi. Kwa nini muuza chai atake wanywaji wake wahame? Hilo nalo hakuna aliyeuliza. Baada ya siku mbili kibanda kilikuwa hakipo. Mama Nakato aliporudi alikuta hadithi imeshaiva, akaila kama wengine.

Na uliporudi likizo, bado unaniita baba kwa Kisheng cha Kitale, ukaniuliza, "Buda, ni nini hii nasikia ya kaburi?" nikakupa hiyo hiyo, na nikaongeza chumvi, nikaigiza Mama Nakato na unga wake. Ulicheka. Nami nikakuona unacheka, nikafikiri labda imekwisha, labda ikichekwa vya kutosha itakufa.

Badala yake ikaingia darasani.

*

Miezi hii ulipokuwa unafanya mazoezi ya kufundisha, umeugeuza mlango wetu kuwa ubao na mimi kuwa darasa la sita. "Mwanafunzi Wani, simama. Habari hiyo umeipata wapi?" Nami najibu, "Kwa shemeji wa dereva wa mkubwa fulani, mwalimu." Unapiga mlango kwa rula, "Buda, acha masihara, chanzo!" Mpaka Jumapili nikamuuliza mchungaji chanzo cha tangazo lake kwamba ibada itakuwa fupi, na dada yangu hajanisamehe. Ulifikiri nafanya utani kwa sababu sijali. Kila uliposema lile neno, chanzo, nilikuwa nasikia birika.

Kuna jambo la mwisho, na hili hata Mama Nakato halijui.

Mwaka jana nilikwenda soko la Konyokonyo kutafuta kamba. Nikachoka, nikaketi kwenye kiti cha kamba cha kwanza nilichokiona, magoti yakanifika masikioni, nikanusa tangawizi na kile kitu kingine. Sikuinua kichwa. Niliuona mkono unaoweka kikombe. Ngozi yake imekunjamana kutoka kiganjani mpaka kiwikoni, inang'aa, kama mfuko wa plastiki uliopitishwa motoni.

Alinijua. Mimi ni mzee mwenye pengo na kofia ile ile. Hakupiga kelele, hakunitukana. Alinitilia sukari mbili, kama zamani, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mtoto wa jirani:

"Kubri kamilu?"

Daraja limekwisha? Safari hii nilielewa vizuri. Na vidole viwili vikatembea juu ya ule mkono, taratibu.

Nikasema, "Kamilu." Limekwisha. Watu wanapita.

Akaitikia kwa kichwa. Nikanywa ile chai yote mpaka majani, na sikusema neno lingine. Nilikuwa na Kiarabu cha kutosha, Kiden. Watu wanaomba msamaha hata kwa kulia. Nilichokosa hakikuwa lugha. Nikaamka, nikapita njia ya nyuma.

*

Sikuandikii haya ili unionee huruma; nina dada wa kazi hiyo. Wala sitaki uende Yei ukijihisi mdogo. Somo lako ni zuri. Maswali yako matatu ni mazuri kuliko chochote nilichowahi kutoa kwenye ile redio. Ila ulipofika nyumbani uliyaacha mlangoni pamoja na viatu. Baba akisema, na mnacheka, na maharage ni ya moto, nani anauliza "amejuaje"? Hata mimi nisingeuliza. Wale watoto huko watakujia na habari za kwenye simu, na hizo watazikamata, ni werevu. Zile walizolishwa na wanaowapenda ndizo zitakazowashinda. Siwezi kukupa dawa yake. Ningekuwa nayo ningeinywa.

Nilitaka kuufuta ule mstari kwenye daftari. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Halafu nikafikiri, mtu anayesahihisha daftari la mwenzake kwa siri ni yule yule wa khor. Kwa hiyo nimeuacha. Utaufuta wewe, ukitaka.

Lakini bado usiufute. Barua hii nayo imetoka kwa Wani, na umeshaona Wani ni chanzo cha namna gani. Huenda nimejipamba hata hapa. Mzee akikiri sana, mchunguze.

Kesho basi likishaondoka, nitamwomba Mama Nakato anifuate Konyokonyo. Kwanza nitamweleza yeye njiani, na atanitukana kuanzia hapa mpaka kule, ni haki yake, alikula vumbi mpaka mpakani. Namchukua kwa sababu Kiarabu chake sasa kimepita changu, nisije nikaomba msamaha kwa neno ambalo maana yake ni ng'ombe. Na pia ili awepo mtu wa kuona kama nimefika au nimekata kona. Tutavuka kwa miguu juu ya ile kubri ya khor. Kwa miaka miwili tangu iishe nimekuwa nazunguka kwa juu, nikikudanganya kwamba ni mazoezi ya magoti.

Ukifika Yei na ukapata mtandao, usinipigie mimi. Nitakuambia nilikwenda hata kama sikwenda, na nitakuambia vizuri, utacheka. Mpigie Mama Nakato. Muulize, Baba amekwenda? Umejuaje? Halafu mwambie ampe simu Hawa mwenyewe, anakaa upande wa wasaga unga, kiti cha tatu. Umsikilize, hata akinena mabaya, hasa akinena mabaya. Umuulize na jina lake lote, kwa sababu miaka yote hii mimi sikuwahi kuliuliza, na katika daftari lako anaitwa "mwanamke muuza chai".

Baada ya hapo andika mstari wako.

Nasikia sauti yako kwa jirani, mnacheka, maana yake kichwa bado nusu. Narudisha kalamu mahali pake. Karatasi hizi nitazitia kati ya Somo la kwanza na la pili, zile pini zizishike tena.

Nenda, mama. Vuka salama.

Wani, baba yako,
chanzo.